Kupiga Picha Penye Mwanga Hafifu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mipangilio ya Kamera na Uhariri

Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi tena na tena kila mpiga picha anapokutana na giza: ukumbini, barabarani usiku, kando ya mshumaa, chini ya nyota. Yamepangwa kuanzia misingi hadi hali za pekee, na pale ambapo jibu moja linategemea jingine, namba ya swali husika imetajwa ili maelezo yasirudiwe.

## Misingi

1. Kwa nini kamera huhangaika mahali ambapo macho yangu yanaona bila shida?

Jicho huzoea giza kimyakimya, na ubongo hutuficha ukubwa wa tofauti iliyopo. Sebule yenye taa za kawaida huonekana angavu kwa aliyeketi ndani yake usiku, ilhali mwanga uliomo ni mdogo kuliko ule wa jua kali la mchana kwa takriban mara 500 hadi 1,000. Kamera huhesabu tu mwanga unaoifikia. Ikiwa nje, juani, picha ilihitaji sekunde 1/1000, basi sebuleni, kwa tundu lilelile la lenzi na ISO ileile (kiwango ambacho kamera hukuza ishara ya mwanga, tazama swali la 3), itahitaji nusu sekunde au hata sekunde nzima, muda ambao mkono wa binadamu hauwezi kuishikilia kamera bila kutikisika.

2. “Stopu” ni nini, na kwa nini wapiga picha huitaja kila mara?

Stopu moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu. Ni kipimo kimoja kinachoziunganisha nguzo tatu za mwangaza wa picha: kasi ya shata (pazia linalofunguka kuuruhusu mwanga uingie), tundu la lenzi na ISO. Kutoka sekunde 1/60 hadi 1/30 ni stopu moja. Kutoka ISO 800 hadi 1600 ni stopu moja. Na kutoka f/4 hadi f/2.8 ni stopu moja vilevile, kwani namba ndogo ya f humaanisha tundu kubwa zaidi. Namba za tundu huonekana za ajabu kwa sababu eneo la tundu hukua kwa mraba wa kipenyo chake, hivyo ili eneo liongezeke maradufu, kipenyo kinatakiwa kuzidishwa kwa takriban 1.4. Ndiyo asili ya mfuatano wa f/1.4, f/2, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8.

Faida ya kufikiri kwa stopu ni kwamba mtu huweza kubadilishana. Mpangilio wa f/2.8, sekunde 1/30 na ISO 1600 hutoa picha yenye mwangaza sawa na f/2.8, sekunde 1/125 na ISO 6400, na sawa pia na f/1.4, sekunde 1/125 na ISO 1600. Mwangaza ni mmoja, lakini picha ni tatu tofauti kabisa: ya kwanza huenda ikawa na mtikisiko, ya pili ina chenga zaidi, na katika ya tatu sehemu iliyo ndani ya fokasi ni nyembamba mno.

3. Je, kupandisha ISO huongeza mwanga, na je, ISO ndiyo inayoleta chenga?

Hapana kwa yote mawili, na hapa ndipo kutoelewana kwingi kunapoanzia. Mwanga unaoingia huamuliwa na mandhari yenyewe, tundu la lenzi na muda ambao shata imekaa wazi. ISO hukuza ishara iliyokwisha kukusanywa na kihisi cha kamera. Ni kama kuipandisha sauti ya redio, ambapo sauti ya mtangazaji na mkwaruzo wa mawimbi hupanda pamoja.

Chenga, yaani vile vidoa vya kijivu na vya rangi vinavyotapakaa katika picha ya gizani, kwa sehemu kubwa hutokana na uchache wa mwanga wenyewe. Mwanga hufika kwa chembe ziitwazo fotoni, nazo hufika bila mpangilio, kama matone ya manyunyu yanayoangukia vikombe vilivyopangwa uani: vikombe viwili vilivyo jirani havipati idadi sawa. Pikseli inayotarajiwa kupata fotoni 100 hutofautiana na jirani yake kwa takriban 10, yaani sehemu moja ya kumi, na tofauti hiyo jicho huiona. Inayopata fotoni 10,000 hutofautiana kwa takriban 100, yaani sehemu moja ya mia, na picha huonekana laini. Kwa hiyo ISO kubwa ni dalili ya uhaba wa mwanga, wala si chanzo cha chenga. Mtu anayeikataa ISO 6400 kwa kuhofia chenga, kisha akapiga kwa ISO 800 picha yenye giza ili aiangaze baadaye, hajaziepuka chenga, ameziahirisha tu. Kiasi gani cha kuahirisha huku kinavumilika kimeelezwa katika swali la 9.

4. Nianze kuamua mpangilio upi?

Anza na kasi ya shata, ukiuliza mada yako, yaani mtu au kitu unachokipiga, inahitaji kasi gani ili isitikisike. Kisha lifungue tundu la lenzi kadiri kina cha fokasi unachokitaka, yaani unene wa eneo linalotoka kali, kinavyoruhusu. Baki lolote liachie ISO.

Mfuatano huu una sababu. Picha yenye chenga inaweza kusafishwa, tena vizuri sana kwa programu za sasa, na hata isiposafishwa bado hueleza kilichotokea. Picha ambayo uso wa mtu umeburuzika kwa mtikisiko haina dawa ya kweli. Nimeona watu wengi wakijuta kwa kuichagua shata ya polepole ili kuilinda ISO. Sijaona aliyejutia chenga katika picha ya tukio ambalo halitarudi tena.

## Unapopiga

5. Ni kasi gani ya shata iliyo salama nikiishika kamera mkononi?

Tenganisha mitikisiko miwili: wa mkono wako na wa mada yako. Kwa ule wa mkono, kanuni ya zamani ni kugawanya moja kwa urefu wa fokasi wa lenzi: lenzi ya milimita 50 huhitaji angalau sekunde 1/50, na ya milimita 200 huhitaji 1/200. Kwa kamera yenye kihisi kidogo cha APS-C, zidisha kwanza urefu huo kwa 1.5 au 1.6. Mfumo wa kutuliza mtikisiko ulio ndani ya lenzi au mwili wa kamera huweza kukuruhusu kushuka stopu kadhaa chini ya hapo.

Hata hivyo mfumo huo hautulizi anayepigwa picha. Mtu aliyeketi akizungumza kwa kawaida hutosheka na 1/60 hadi 1/125. Anayetembea huhitaji takriban 1/250. Anayecheza ngoma, 1/250 hadi 1/500, ingawa kila harakati ina nukta yake ya utulivu. Mrukaji anapofika kilele cha mruko wake, au mwimbaji anapovuta pumzi kati ya mistari miwili, shata ya polepole hufanikiwa pale ambapo sekunde moja kabla ingeshindwa. Kuisubiri nukta hiyo kuna thamani ya stopu nzima, na hakugharimu chochote.

6. Je, nilifungue tundu la lenzi hadi mwisho kila mara?

Si kila mara. Lenzi ya milimita 85 ikifunguliwa hadi f/1.4, mbele ya mtu aliye umbali wa mita 2, kwa kihisi cha fremu kamili, huacha kina cha fokasi cha takriban sentimita 5 tu. Jicho moja likiwa kali, sikio huwa tayari limepotea. Ukiifunga hadi f/2.8, kina huongezeka maradufu. Kwa picha ya kundi lililosimama katika safu mbili, f/1.4 ni kosa hata giza likiwa nene kiasi gani, kwani safu moja itatoka na ukungu. Afadhali f/4 na ISO iliyopanda stopu tatu.

7. Kwa nini kamera hugeuza usiku kuwa kama mchana uliopauka?

Kipima mwanga cha kamera hakijui kwamba ni usiku. Kimeundwa kudhani kwamba mandhari, yakichanganywa yote, yana mng'ao wa kijivu cha wastani, ambacho kwa desturi huelezwa kuwa huakisi asilimia 18 ya mwanga. Kikiona giza, hulivuta lifikie kijivu hicho, na matokeo yake ni anga jeusi lililogeuka maji ya jivu na taa zilizoungua zikabaki mabaka meupe. Tumia fidia ya mwangaza, yaani mpangilio wa kuongeza au kupunguza mwangaza ambao kamera imeuchagua: kwa mandhari ya usiku yenye giza jingi, kushusha stopu 1 hadi 2 hurudisha hali halisi. Kinyume chake hutokea mtu anaposimama mbele ya dirisha au taa kali: kipima mwanga hushusha picha nzima, na uso wake huwa kivuli.

8. Je, kuna tofauti kubwa kweli kati ya RAW na JPEG usiku?

Ndiyo, na usiku ndipo tofauti hiyo huwa kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Faili la JPEG, yaani picha iliyokwisha kukamilishwa na kubanwa na kamera, huhifadhi ngazi 256 za mwangaza kwa kila rangi. La RAW, yaani data ghafi ya kihisi, likiwa na biti 12 huhifadhi ngazi 4,096, na lenye biti 14 huhifadhi 16,384. Isitoshe, JPEG imekwisha kuamuliwa rangi, imekwisha kusafishwa chenga na kunolewa na kamera, na vilivyotupwa havirudi. Ukiinua vivuli vya JPEG, utaona mabaka ya rangi na ngazi zinazokatika badala ya mteremko laini wa giza. Kama kamera yako hutoa RAW, itumie usiku, hata kama mchana huna haja nayo.

9. Ni afadhali kuongeza mwangaza wakati wa kupiga au wakati wa kuhariri?

Swali hili ndilo kiini cha ukurasa huu mzima, na jibu lake lina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya.

Sehemu ya kwanza inahusu mwanga halisi. Ikiwa unaweza kuongeza mwanga unaoifikia kamera, kwa kufungua tundu, kuirefusha shata bila kuleta mtikisiko, kusogea karibu na dirisha au kuwasha taa, fanya hivyo kwanza, kwa sababu hakuna kitelezi katika programu yoyote kinachoweza kuumba fotoni ambazo hazikuingia. Kila stopu ya mwanga halisi huboresha picha kwa namna ambayo uhariri hauwezi kuiga. Ndiyo maana wengi hupendekeza kuisukuma histogramu (grafu inayoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga katika picha) upande wa kulia, wenye mwanga, kadiri inavyowezekana bila kuunguza maeneo muhimu, kisha kuishusha picha wakati wa kuhariri.

Sehemu ya pili inahusu ISO baada ya tundu na shata kufika mwisho wa uwezo wake. Hapa hakuna mwanga mpya unaoingia. Swali ni nani atakayeikuza ishara, kamera au programu. Kihisi chenyewe huongeza chenga kidogo za kielektroniki kinaposomwa, na katika kamera za zamani chenga hizo zilikuwa nyingi, kwa hiyo kukuza mapema kwa ISO kulisaidia sana. Katika kamera nyingi za miaka ya karibuni zimepungua mno, kiasi kwamba picha ya ISO 400 iliyoinuliwa stopu 3 katika RAW hukaribiana na ile iliyopigwa kwa ISO 3200. Kwa kamera kama hizo, kupiga kwa ISO ya chini kidogo kuna faida moja kubwa: taa na nyuso zilizo karibu na taa haziungui.

Ijaribu kamera yako mwenyewe, badala ya kutegemea maneno ya mtu. Iweke juu ya stendi katika chumba chenye giza, shikilia tundu na shata palepale, piga moja kwa ISO 400 na nyingine kwa ISO 3200, kisha inua ya kwanza stopu 3 katika programu ya kuhariri na ulinganishe vivuli. Zikifanana, una uhuru wa kulinda maeneo angavu. Ile ya kwanza ikiwa na michirizi au rangi ya zambarau iliyotapakaa gizani, kamera yako inataka ISO ipandishwe wakati wa kupiga.

Mimi binafsi, penye taa ndani ya fremu, hupiga kwa takriban stopu moja chini ya kile kipima mwanga kinachoniambia ni salama. Taa yenyewe naiacha iungue, kwa kuwa hakuna anayetarajia kuona nyuzi za balbu. Ninachokilinda ni ngozi iliyo kando yake.

10. Je, niamini histogramu iliyo nyuma ya kamera?

Iamini kiasi. Hata unapopiga RAW, histogramu hiyo kwa kawaida huchorwa kutokana na JPEG ndogo ambayo kamera huiandaa kwa ajili ya kuonyesha, hivyo huweza kudai kwamba eneo fulani limeungua ilhali RAW bado inalo. Kioo cha kamera kinachoonyesha picha nacho hudanganya kwa upande wa pili: gizani hung'aa sana, na picha nyeusi huonekana imekamilika. Mtu anayepima kwa kioo peke yake usiku hurudi nyumbani na picha zilizo gizani kuliko alivyokusudia. Washa histogramu inayotenganisha rangi tatu. Umuhimu wake utaonekana katika swali la 17.

11. Fokasi haishiki gizani. Nifanyeje?

Fokasi ya kujiendesha hutafuta utofauti wa mwanga na giza, kwa hiyo ielekeze kwenye ukingo: kola ya shati jeusi juu ya ngozi, ukingo wa miwani, herufi za bango. Nukta ya katikati mara nyingi huwa na nguvu kuliko zile za pembeni. Kwa kitu kisichosogea, badilisha uende kwenye fokasi ya mkono, kikuze kitu hicho katika kioo, na uzungushe pete polepole hadi kiwe kikali. Tochi ndogo inayowashwa wakati wa kulenga na kuzimwa kabla ya kupiga hutatua mengi.

## Unapohariri

12. Nianzie wapi katika kuhariri picha ya gizani?

Anzia kwenye urari wa rangi nyeupe, yaani kurekebisha rangi ya mwanga ili kilicho cheupe kionekane cheupe, kabla ya kugusa mwangaza. Mshumaa una joto la rangi la karibu kelvini 1,900, balbu za nyuzi 2,700 hadi 3,200, na mwanga wa mchana takriban 5,500. Chini ya balbu za nyuzi, rangi ya buluu huingia kwa uchache sana, na programu inapoirekebisha hulazimika kuikuza kuliko nyekundu na kijani. Hiyo ndiyo sababu chenga za buluu hujaa katika picha za ndani, na ndiyo sababu ya kutoyapeleka marekebisho hayo mpaka kwenye weupe kamili. Acha joto kidogo. Mwanga wa mshumaa uliosafishwa ukawa mweupe si wa mshumaa tena.

Baada ya hapo weka mwangaza wa jumla, shusha maeneo angavu, inua vivuli, ndipo uende kwenye marekebisho ya sehemu moja moja. Isipokuwa kwa zana za akili bandia zilizotajwa katika swali la 13, ambazo kwa kawaida hufanya kazi juu ya data ghafi ya RAW na hivyo hutangulizwa, usafishaji wa chenga huja baada ya mwangaza kuamuliwa, kwa kuwa kuinua vivuli huzifichua chenga ambazo hukuziona awali.

13. Nisafishe chenga kwa kiasi gani?

Chenga ziko za aina mbili. Za rangi, yaani vile vidoa vyekundu, vya kijani na vya zambarau, huchukiza macho na huondolewa kwa hasara ndogo. Ziondoe bila kusita. Za mwangaza, zile za kijivu, hufanana na punje za filamu ya zamani, nazo hubeba pamoja nazo umbile la ngozi, kitambaa na ukuta. Ukizifuta zote, uso hugeuka nta. Punguza hadi zisikuvutie jicho, kisha rudi nyuma kidogo.

Zana za akili bandia zimebadilisha hesabu hii kwa kweli. Kampuni ya DxO ilitoa zana ya DeepPRIME mwaka 2020, na Adobe ikaongeza usafishaji wa namna hiyo katika programu yake ya Lightroom mwaka 2023. Picha za ISO 12800 ambazo zamani zingetupwa leo zinachapishwa. Lakini zana hizi hukisia. Penye data hafifu mno huchora kope, nyuzi za nywele au herufi zinazoonekana za kweli na ambazo hazikuwapo. Kwa picha ya kumbukumbu ya familia huenda si tatizo. Kwa picha ya habari au ya ushahidi ni jambo zito, na huko ningeziacha chenga zikae.

14. Nitajuaje kwamba nimeinua vivuli kupita kiasi?

Dalili ya kwanza ni nyeusi kupotea: ikiwa hakuna sehemu hata moja iliyo nyeusi kweli, picha hufunikwa na utando wa kijivu. Dalili ya pili ni kila kona kueleza habari yake, hata zile ambazo mtu aliyekuwapo hakuziona. Giza ni sehemu ya tukio. Mtu aliyeketi kando ya taa moja alizungukwa na weusi, na picha inayouheshimu weusi huo ndiyo inayomrudisha mtazamaji mahali pale.

Angalia pia mwanga wa kioo chako. Ukihariri usiku katika chumba cha giza kwa kioo kilichowashwa hadi mwisho, utaishusha picha bila kujua, na asubuhi wengine wataiona nyeusi. Kioo chenye mwangaza wa karibu kandela 80 hadi 120 kwa mita ya mraba hufaa kwa kazi ya kuchapisha.

15. Je, niipime picha kwa kuikuza hadi asilimia 100?

Kwa fokasi na mtikisiko, ndiyo. Kwa chenga, hapana. Picha ya pikseli milioni 24 ikipunguzwa hadi upana wa simu, pikseli nyingi huchanganywa kuwa moja, na chenga huyeyuka katika wastani. Ipime kwa ukubwa ambao itatazamwa. Kunoa nako kufanywe kwa ukubwa huo wa mwisho, kwa kinyago (zana ya kuchagua maeneo yatakayoguswa) kinachogusa kingo tu, la sivyo utakuwa unanoa chenga.

## Hali za pekee

16. Kuna mistari ya giza inayokatiza picha zangu za ndani. Ni kasoro ya kamera?

Mara nyingi ni mpwito wa taa. Umeme wa hezi 50 huzifanya taa nyingi zipwitie mara 100 kwa sekunde, na wa hezi 60 mara 120. Shata ya sekunde 1/50 au 1/100 hukusanya mizunguko kamili penye hezi 50. Penye hezi 60, tumia 1/60 au 1/125. Shata ya kielektroniki, ambayo husoma kihisi safu baada ya safu, huongeza tatizo. Rudi kwenye shata ya kimakanika. Baadhi ya taa za LED hupwita kwa kasi isiyohusiana na umeme wa gridi, na kwazo dawa ni kubadilisha kasi kidogo kidogo hadi mistari itoweke. Mistari hii ni migumu sana kuondoa katika uhariri.

17. Taa za jukwaani za buluu na zambarau hufuta nyuso. Kwa nini?

Kwa sababu rangi moja huungua peke yake. LED ya buluu hujaza sehemu ya buluu ya kihisi, huku nyekundu na kijani zikiwa karibu tupu. Histogramu ya jumla huonyesha picha salama, ilhali uso umekwisha kuwa bapa, bila mashavu wala pua. Tazama histogramu ya rangi tatu, shusha stopu 1 au zaidi, na upige RAW. Wakati wa kuhariri, punguza kwanza kolezo la rangi hiyo moja. Ikishindikana, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, ukitumia zaidi rangi ambayo haikuungua.

18. Na taa za barabarani za rangi ya chungwa?

Taa za sodiamu zenye mgandamizo mdogo hutoa karibu rangi moja tu, ya mawimbi ya takriban nanomita 589. Chini yake nguo nyekundu na ya buluu hutofautiana kwa mng'ao tu, kwa maana rangi nyingine hazikuwapo. Hakuna urari wa weupe utakaozirudisha. Ikubali rangi hiyo, au nenda nyeusi na nyeupe.

19. Nyota zangu hutoka kama vijistari virefu. Shata ikae wazi muda gani?

Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na kamera iliyotulia juu ya stendi huona nyota zikisogea. Kanuni ya kuanzia ni kugawanya 500 kwa urefu wa fokasi: lenzi ya milimita 24 hupata takriban sekunde 20 kwa fremu kamili, na takriban 14 kwa APS-C. Kihisi chenye pikseli nyingi hufichua mwendo mapema zaidi, hivyo wengi sasa hugawanya 300 badala ya 500. Tundu liwe wazi kabisa au karibu na hapo, na ISO 1600 hadi 6400.

20. Kwa nini mwezi hutoka kama doa jeupe?

Mwezi mpevu unamulikwa na jua moja kwa moja, kwa hiyo unahitaji mpangilio wa mchana: f/11, ISO 100, sekunde 1/100 ni mwanzo mzuri. Ardhi iliyo chini yake ina giza kuliko huo mwezi kwa zaidi ya stopu 15, pengo ambalo hakuna faili moja linaloliziba. Piga mbili na uziunganishe, au upige mwezi unapochomoza jioni, mbingu na ardhi zikiwa bado na mwanga.

21. Simu hupataje picha safi gizani ilhali kihisi chake ni kidogo?

Kwa kujumlisha. Hali ya usiku, kama Night Sight ya Google iliyokuja mwaka 2018 na ile ya iPhone 11 ya mwaka 2019, hupiga picha nyingi fupi, huzilinganisha na kuzichanganya. Chenga hazina mpangilio, kwa hiyo wastani wa picha 4 huzipunguza kwa nusu, na wa picha 16 huzibakiza robo. Mwenye kamera anaweza kufanya vivyo hivyo kwa mkono: apige mfululizo wa picha zilezile kwa RAW, kisha aziunganishe katika programu. Sharti ni mada kutosogea. Mtoto anayekimbia hutoka na kivuli chake pembeni.

22. Nina picha moja tu ya tukio, ni JPEG, na imetoka giza mno. Je, inaokoka?

Kwa kiasi. Kwanza fanyia kazi nakala, kwa kuwa kila uhifadhi wa JPEG hupoteza kitu. Ifungue katika programu inayoruhusu biti 16 kwa kila rangi, ili angalau hesabu za uhariri zisiongeze ngazi zaidi ya zilizokwisha kukatika. Usiiinue picha nzima. Inua uso au mkono unaoibeba habari, na uache mengine gizani. Futa chenga za rangi zote. Mabaka ya rangi yakibaki, iondoe rangi kabisa, halafu ongeza punje laini za kijivu juu ya picha nzima: punje hizo hufunika ngazi zilizokatika, na jicho huzipokea kama umbile la karatasi. Kisha ichapishe ndogo. Kwa upana wa sentimita 10, sura ambayo kwenye kioo kikubwa haikusomeka huweza kutambulika tena.